Kwenda na Kurudi

Kila asubuhi, kabla sijavaa viatu vya kazini, nilikuwa namimina maji ya baba. Yalikuwa maji yake ya siku nzima: chupa moja ndogo, niliyoijaza maji ya kuchemsha yaliyopoa mpaka kwenye mstari niliouchora kwa kalamu. Chini ya mstari ilikuwa ruhusa, juu yake ilikuwa taabu. Figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na kila alichokunywa kilibaki mwilini kikimvimbisha miguu mpaka mashine ya hospitali ikitoe. Kwa hiyo alikunywa kama ndege. Alimimina kwenye kifuniko cha chupa, akainua kifuniko, akakishusha, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Asubuhi moja nilimwekea chupa mezani, nikageuka kutafuta funguo. Nikasikia mlio wa koo. Nilipogeuka tena, baba alikuwa amesimama, kichwa amekirudisha nyuma, chupa iko mdomoni, na kongomeo linapanda na kushuka. Hakuacha mpaka tone la mwisho. Akaifunga chupa, akairudisha pale pale nilipoiweka, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Baba!"

"Yalikuwa matamu," alisema. "Nilishasahau maji yanavyoshuka."

"Hayo yalikuwa ya siku nzima."

"Najua. Sijawa mtoto." Akakaa kwenye kiti chake cha pembeni ya dirisha, akapumua kwa nguvu, kisha akaniuliza kwa upole, kama anayeuliza kama mvua itanyesha: "Mwanangu, meli ya kwenda kile kisiwa inaondoka siku gani?"

Sikuhitaji kuuliza kisiwa kipi.

"Sijui, Baba. Nitaangalia kazini."

"Angalia. Nataka kwenda."

Neno la kumkatalia lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Nililihisi pale, gumu kama kokwa. Lakini nilichosema ni, "Sawa. Tuangalie tarehe."

Chumba cha kusafishia damu kiko mwisho wa korido ya hospitali, ukipita maabara na dirisha la dawa. Viti vyake ni vikubwa, vya kuegemea, vimevikwa plastiki ya kijani, na kila kiti kina mashine yake pembeni, ndefu kama jokofu, yenye mirija miwili inayoingia na kutoka mkononi mwa mgonjwa. Baba alikuwa wa zamu ya asubuhi, siku moja ndiyo, siku moja siyo, na kila zamu ni nusu siku ya kukaa bila kuinuka. Ukutani mbele ya viti kuna kalenda. Mwaka wake ulipita zamani. Muuguzi mmoja mgeni aliwahi kuitoa ili aweke saa, na zamu nzima ikampigia kelele mpaka akaitundika tena, huku akicheka na kuomba radhi. Hakuna aliyetaka saa mle ndani. Walitaka picha.

Ilikuwa picha ya kisiwa. Mawe marefu yamesimama kwenye majani, yamejipanga duara, na baadhi yake yamebebeshwa mawe mengine kichwani, kama milango ya nyumba ambayo kuta zake zimeondoka zikaacha fremu. Nyuma yake ni bahari ya kijivu, na kondoo wawili wamesimama wakiwa hawana habari. Chini kuna maandishi madogo yanayosema mawe yale ni ya kale mno na kwamba hakuna ajuaye ni akina nani walioyasimamisha.

Baba alikuwa mwendesha kreni maisha yake yote. Karibu kila jengo refu la mji wetu, kuna boriti humo ndani ambayo yeye ndiye aliyeipandisha. Siku ya kwanza alipokalishwa kwenye kile kiti, mimi nikiwa na hofu kuliko yeye, aliitazama kalenda mpaka sindano zote mbili zikaingia bila yeye kugutuka.

"Lile jiwe la juu," alisema. "Unaliona? Lile halienei kwenye lori. Wamelipandishaje?"

"Labda kwa kamba, Baba."

"Kamba unaifunga wapi? Huko juu kuna nini? Hakuna kitu. Mimi nilikuwa na mnara wa chuma."

Ndipo mtu wa kiti cha dirishani akaingilia. Wote walimwita Nahodha, ingawa hajawahi kupanda hata mtumbwi; alikuwa fundi cherehani. Jina alilipata kwa sababu ndiye pekee anayeona nje, na kila asubuhi huwatangazia wenzake hali ya hewa.

"Waliwapa kazi wakwe zao," Nahodha alisema. "Kijana akitaka binti wa watu, kwanza apandishe jiwe."

"Basi wengi walishindwa," baba alijibu.

"Ndiyo maana kisiwa hakina watu. Wote walikufa makapera."

Chumba kizima kilicheka, hata mama mmoja mwenye kofia ya sufu ambaye kwa kawaida alilala mwanzo hadi mwisho. Tangu siku hiyo baba akaitwa Kreni, na safari ya kisiwani ikawa mchezo wa zamu. Nahodha ataongoza. Mama wa kofia ataleta blanketi. Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Sista, atabeba mizani, maana bila mizani yake hawezi kulala. Baba atalishusha jiwe, alikague, alirudishe. "Na usilitazame hivyo jiwe la watu," Nahodha alikuwa akimwambia, "litaanguka, na sisi hatuna pa kulilipia."

Mkono wa kushoto wa baba, ule wa sindano, madaktari walikuwa wameunganisha mishipa yake miwili ili damu ipite kwa kasi. Ukiweka kidole pale unasikia mvumo, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Mkono huo hauruhusiwi kubeba chochote kizito, wala kulaliwa, wala kuvishwa saa. Mtu aliyenyanyua maghorofa alikuwa amekatazwa kunyanyua ndoo. Hakuwahi kulalamika juu ya jambo hilo. Ila nikibeba ndoo mimi, alikuwa akitazama pembeni.

Sasa alikuwa ameutoa mchezo ukutani na kuuweka mezani kwetu, karibu na chupa tupu.

Mimi nakata tiketi. Ofisi yetu iko ghorofa ya chini ya jengo lenye benki, ina meza tatu, mashine ya namba za foleni, na ramani ya dunia iliyopauka upande wa jua. Nilipoajiriwa, baada tu ya kumaliza chuo, bosi alinifundisha jambo moja kabla hajanionyesha kompyuta inawashwa wapi. "Hapa hatusemi haiwezekani," alisema. "Mteja akitaka kwenda mwezini, mwambie tuangalie tarehe nyingine. Atakayekata tamaa ni yeye, si wewe." Kwa mtu mwoga kama mimi, ambaye kusema hapana kunanitoa jasho, ulikuwa wosia wa dhahabu. Niliushika, ukawa kama pumzi yangu. Wateja walinipenda.

Siku ile niliangalia. Ndege mpaka mji wa bandari. Kutoka pale, meli moja kwa wiki, bahari ikikubali. Inashusha watu na magunia, inageuza, na hairudi mpaka wiki inayofuata. Baba alikuwa na kiinua mgongo ambacho hakukigusa, kwa hiyo hela haikuwa kikwazo, na ningefurahi mno kama ingekuwa. Nilitafuta ndege ndogo: kisiwa hakina uwanja. Nilitafuta boti ya kukodi: hakuna anayeikubali ile njia. Nilipindua safari kila upande, nikaanzia mwisho nikaja mwanzo, na kila mara katikati yake kulibaki wiki moja isiyo na mashine. Wiki nzima. Sista alishatuambia tangu mwanzo kwamba kuruka zamu moja ni kuchezea moto, na kuruka mbili ni kuingia ndani yake.

Nikaipigia nyumba ya wageni ya kisiwani, ile moja iliyopo. Akapokea mama mwenye sauti nzito, na nyuma yake upepo unapiga kitu cha bati.

"Samahani mama, naomba kuuliza. Huko kwenu kuna hospitali?"

"Kuna zahanati. Na muuguzi yupo, isipokuwa akiwa ameenda kwa kondoo wake."

"Kuna mashine ya kusafisha damu?"

"Ya kusafisha nini?"

"Damu. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa figo."

Bati lilipigwa mara kadhaa. "Binti yangu," alisema, "hapa mashine ya kufulia nguo yenyewe inangoja umeme. Nani mgonjwa?"

"Baba."

"Na anataka kuja?"

"Anataka kuona mawe."

"Mawe yapo," alisema polepole, kama anayemtuliza mtoto. "Hayana pa kwenda. Mwambie yatamngoja."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikaita namba inayofuata ya foleni.

Jioni baba aliuliza. Nikamwambia bahari ni chafu mwezi huu, mawimbi ni makubwa. Wiki iliyofuata nikamwambia meli imejaa wanafunzi. Kisha nikamwambia meli iko kwenye matengenezo. Kila mara nilimalizia kwa yale yale: tuangalie tarehe nyingine. Naye kila mara aliitikia, "Sawa, tarehe nyingine," kwa subira iliyonitia uchungu kuliko hasira. Huku nyuma akaendelea kujiandaa. Viatu vyake vizito vya kazini akavipeleka kwa fundi, vikarudi na soli mpya. Akanyoa ndevu. Glavu zake za ngozi, ambazo hakuna aliyeruhusiwa hata kuzikalia, akampa mlinzi wa jirani. Niliziona mikononi mwa mlinzi akifungua geti. Nikamwamkia, nikapita.

Shangazi alisikia habari kwa Nahodha, kwa maana Nahodha alikuwa akimshonea magauni kabla hajaugua, na siri kwa Nahodha ni kama maji kwenye chujio. Alikuja Jumamosi, hakukaa, akasimama katikati ya sebule na mkoba wake begani. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na tangu mama afariki amejipa cheo cha mama mkwe wa nyumba nzima.

"Tangu lini mgonjwa akawa mtalii?"

"Karibu, Dada," baba alisema. "Keti."

"Siketi kwa mtu anayesafiri. Nitamchelewesha." Akanigeukia. "Na wewe, msomi, ndiye unayemkatia tiketi?"

"Bado, Shangazi. Tunaangalia tu tarehe."

"Tarehe! Mtu anataka kuruka ghorofani, wewe unamwangalizia tarehe?" Akamrudia baba. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Baba alinyoosha miguu yake, iliyokuwa imevimba mpaka kifundo hakionekani. "Guu lenyewe limeshanikimbia, Dada. Tafuta methali nyingine."

Shangazi alicheka bila kutaka, halafu uso wake ukabadilika, akaketi kweli. Alitoa kitambaa mkobani akajifuta shingo. Nilipomsindikiza nje alinishika kiwiko.

"Mimi nikimkataza atasema ni mdomo wangu wa kawaida," alisema. "Tangu anatambaa namfokea. Kauli unayo wewe. Wewe hujawahi kumkatalia kitu. Siku ukimkatalia, atasikia."

"Nitamwambia, Shangazi."

"Utamwambia nini?"

Akaniachia kiwiko, akanipangusa shavu kwa kile kitambaa chenye jasho lake, akaenda zake.

Nilidhani ningepata mtu wa kunisemea. Siku ya zamu, baba alipokwisha kuunganishwa, nikaenda kugonga kwa daktari. Ni mwanamke mwembamba, anayeandika huku anakusikiliza, lakini nilipotaja kisiwa aliweka kalamu chini.

"Baba yako alishanijia," alisema.

"Alisema nini?"

"Aliuliza wiki nzima bila mashine itakuwaje. Nilimwambia ukweli, maana aliuuliza kama mtu anayeutaka. Halafu akauliza kama inauma."

Nilitazama mezani. Kulikuwa na kikombe cha chai kilichopoa, kimefanya utando juu.

"Nilimwambia zipo dawa za kutuliza, na kwamba mara nyingi mtu husinzia. Akauliza kama zahanati ya kisiwani inaweza kuwa nazo." Alikisogeza kikombe pembeni. "Samahani. Nilidhani mmeshazungumza. Anasema wewe ndiye unayepanga safari."

"Daktari, mzuie. Tafadhali. Mwambie ni marufuku."

"Si marufuku. Ana akili zake timamu. Siwezi kumfunga kwenye kiti, mwanangu. Mashine hii mtu huikubali kila anapokuja, na siku akiikataa, kazi yangu ni kuhakikisha hateseki." Akainama kidogo ili anione uso. "Wewe umemwambia unachotaka?"

"Nimemwambia bahari ni chafu."

Hakunicheka. Ningeona afadhali anicheke.

Nilirudi nikakaa kwenye kigoda changu upande wa mkono wake wa kulia. Damu yake ilikuwa inatoka kwenye mrija mmoja na kurudi kwenye mwingine, nyekundu na nyekundu, huwezi kujua ipi imesafishwa. Yeye alikuwa anaitazama kalenda. Tangu alipokunywa yale maji nilikuwa najua, lakini nilikuwa najua kama unavyojua kuna chumba nyuma ya mlango uliofungwa. Sasa daktari alikuwa ameufungua, na mimi sikuwa na miguu ya kuingia wala ya kukimbia.

"Umetoka wapi?" baba aliuliza.

"Nilienda kunywa maji," nilisema, na hapo hapo nikatamani ulimi ukatike.

"Vizuri," alisema. "Kunywa na yangu."

Alinijia ofisini juma lililofuata. Sikumwona akiingia. Nilikuwa na foleni ndefu, na nilikuwa ninafanya ninavyofanya siku zote: kichwa kwenye kompyuta, vidole kwenye vibonye, mdomo unakwenda wenyewe. Nikabonyeza namba. Mtu akakaa mbele yangu. Nikanusa dawa ya hospitali kabla sijainua macho.

Alikuwa amevaa koti lake la sherehe na vile viatu vya soli mpya. Bandeji ilichungulia kwenye mkono wa kushoto. Mkononi alikuwa na kikaratasi cha foleni, amekinyoosha vizuri. Alikuwa amengoja zamu yake kama wateja wengine.

"Habari ya kazi, mama," alisema. Huniita mama anapotaka kunibembeleza.

"Baba, ungenipigia simu."

"Kwenye simu bahari huwa chafu."

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu akiweka karatasi kwenye printa. Hakumfahamu baba. Alimwona mzee aliyevaa vizuri, mteja wa safari ndefu, akatabasamu kwa meno yote. "Karibu sana, mzee wetu. Hapa umefika. Mhudumie mzee, tafadhali."

Baba alikitaja kisiwa. Akaitaja meli, na akaitaja siku yake. Alikuwa amejiulizia mwenyewe mahali fulani. Bosi akainama juu ya bega langu, akaniangalia nikifungua ukurasa, akasema kwa furaha, "Nafasi zipo! Bahati yako, mzee. Msimu huu bahari imetulia kama uji."

Baba alinitazama. Hakukuwa na lawama machoni mwake. Nafikiri alikuwa akinionea huruma.

"Watu wangapi?" niliuliza, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza.

"Wawili. Mimi na binti yangu. Sitaki kwenda peke yangu."

Vidole vyangu viliandika. Jina lake, jina langu. Kila kisanduku kilipojaa kingine kilifunguka. Na mdomo wangu, ule unaokwenda wenyewe, ukauliza swali ninalomuuliza kila mtu anayekaa kwenye kile kiti, kutwa nzima, miaka yote niliyofanya kazi ile:

"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Nililisikia baada ya kulisema. Baba naye alilisikia. Aliweka mkono wake wa kulia juu ya ule wa kushoto, pale penye mvumo, kama mtu anayemtuliza mnyama.

"Wewe, kwenda na kurudi," alisema.

Printa ilikuwa inatoa karatasi za mtu mwingine.

"Na mzee mwenyewe?" bosi aliuliza. "Maana ukinunua ya kurudi hapa hapa, ni nafuu sana kuliko kuja kununua huko."

"Mimi kwenda tu."

"Ah, mzee anahamia!" Bosi alicheka. "Vizuri, vizuri. Sehemu tulivu kama ile, hata mimi ningehamia." Akaniambia niishikilie nafasi mpaka kesho, yeye mwenyewe ataithibitisha nikimpa neno, na akaenda kupokea simu.

Nilitoa karatasi ya nafasi iliyoshikiliwa, nikaikunja, nikampa baba. Nilitaka kusema kitu. Midomo yangu ilifunguka, na kilichotoka ni, "Karibu tena." Baba aliitia karatasi mfuko wa ndani wa koti, akainuka kwa kushika ukingo wa meza, akatembea kuelekea mlangoni taratibu, viatu vyake vikilia soli mpya kwenye sakafu ya vigae. Nilibonyeza namba inayofuata.

Kesho yake ilikuwa siku ya zamu, na Nahodha alikuwa na habari zote kabla hatujavua makoti.

"Wameshakata!" alitangaza. "Nje kuna mawingu kidogo, upepo wa wastani, na Kreni amekata tiketi!"

Wakapiga makofi, wale wenye mkono mmoja huru wakipiga paja. Sista alimpandisha baba kwenye mizani, akatikisa kichwa kwa kilo za maji, lakini hakusema kitu. Nikajua daktari alikwishamwambia. Aliingiza sindano kwa upole mwingi, kama anayetia uzi kwenye shanga. Mashine ikaanza kuzunguka.

"Utuletee jiwe," Nahodha alisema.

"Lipi?"

"Dogo tu. La kuzuia mlango."

Mama wa kofia ya sufu alifungua macho. "Mimi unigusie," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Ukifika, liguse mara moja kwa ajili yangu. Sema ni kwa niaba ya yule mama wa kofia."

"Nitaligusa," baba alisema. "Nitaweka mkono huu huu."

Waliitazama kalenda, wote, kila mtu kutoka kitini kwake, na nilielewa kwamba baba alikuwa hajajikatia safari yake peke yake. Walikuwa wamempakia mizigo yao. Nani angesimama mbele ya watu wale akaipakua? Si mimi. Mimi ni mtu ninayeshuka kituo kisicho changu kwa sababu naogopa kumwambia dereva asimame.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa bosi: *Za yule mzee, nithibitishe?*

Baba aliiona. "Ni kazini?"

"Ndiyo."

"Umeshathibitisha?"

Alikuwa ameegemea, uso umemlegea, na ndevu alizonyoa zilikuwa zinaanza kurudi nyeupe. Niliweka kidole pale mkononi pake, juu kidogo ya bandeji. Nyuki alikuwepo. Tangu aunganishwe mshipa ule, nilikuwa namgusa pale kila jioni kabla hajalala. Daktari alisema mtu wa nyumbani aangalie kama unavuma. Ndiyo ilikuwa salamu yetu.

"Baba," nilisema, "tuangalie tare..."

Nikaishia hapo. Alikuwa ameshaanza kuitikia, "Sawa," kama kawaida yake. Nilimwona akiumeza mwisho wa neno langu kana kwamba nilikuwa nimeumaliza, akageuza macho kwenye picha.

"Haiwezekani," nilisema.

Lilitoka dogo, na mashine zilikuwa zinavuma. "Umesemaje?"

"Nimesema haiwezekani."

"Bahari tena?"

"Bahari haina shida. Ilikuwa haina shida tangu mwanzo. Meli haikujaa, wala haikuharibika. Nilikudanganya." Nilikuwa nasikia sauti yangu ikipanda, na nikasikia kiti cha dirishani kikilia plastiki Nahodha alipogeuka. Uso uliniwaka moto. Wakati mwingine wowote ningenyamaza. "Nimejua tangu siku uliyokunywa yale maji. Naona umechoka, Baba. Na sina cha kukupa badala yake, sina kitu, nimetafuta. Keshokutwa ni mashine tena, na kila asubuhi ni chupa ile ile na mstari ule ule, na mimi ndiye ninayeuchora. Najua."

"Basi kama unajua, mama..."

"Sitaki tiketi ya kurudi peke yangu."

Sista alikuwa amesimama katikati ya chumba na beseni mkononi. Baba alinitazama kama alivyokuwa akilitazama lile jiwe la juu, na chini ya kidole changu mvumo uliendelea, uliendelea tu.

"Sitaki ufe," nilisema, na sikuishusha sauti. "Hata kama umechoka. Sitaki."